Maji ya Mtungi Unaong'aa

Wasomaji wenzangu, nina umri wa miaka thelathini na sita. Ni fundi bati hapa Migori, na ninaandika haya nikiwa peke yangu katika nyumba iliyokuwa na mke na mtoto. Kama uko mezani unakula, tafadhali weka gazeti kando kwanza umalize chakula chako. Sitaki mtu atapike kwa ajili yangu. Mimi mwenyewe nimetapika ya kutosha!

Jina langu ni Owino. Mke wangu, Awuor, nilimwoa upande wa Homa Bay, kando ya ziwa, katika boma la wavuvi. Mama yake hakuvua samaki. Alikuwa mfinyanzi, na jina lake lilikuwa kubwa sokoni. Mtungi wake ukiugonga kwa kidole, unalia. Wanawake walikuwa wakitoka mbali kuja kununua kwake, na wakikosa walirudi mikono mitupu badala ya kununua kwa mwingine.

Mungu alitupa watoto, kisha akawachukua. Wa kwanza alikufa kwa kuhara. Wa pili akafuata njia ileile, kabla hajajua kukaa. Mnajua watu walivyo... Ndugu zangu wakaanza kuninong'oneza kwamba mwanamke huyu ana mkosi, kwamba nitafute mwingine kungali mapema. Awuor alikuwa akisikia. Nyumba zetu hazina dari, neno linalosemwa upande huu linasikika upande ule.

Halafu akazaliwa Achieng'. Loo, mtoto yule! Alikuwa na mashavu kama maandazi, na akicheka anafumba macho yote mawili. Siku Awuor alipomtoa nje mara ya kwanza, aliniambia kwa sauti ya chini, "Baba Achieng', huyu naye akienda, hata mimi sina sababu ya kukaa hapa." Nikamwambia hataenda. Niliapa. Tangu siku ile sikuwa na kazi nyingine duniani ila kumlinda mtoto yule asihare.

Ilikuwa miaka michache tu baada ya Uhuru. Bwana afya alikuwa akipita kwenye mabaraza akitufundisha kwamba maji ya mto yachemshwe, na kwamba ugonjwa mwingi unaingia kwenye mtungi kwa mikono ya watu. Nikatazama nyumba yangu mwenyewe. Mtungi uko pembeni, wazi, kata inaelea ndani. Jirani anaingia na vidole vilivyotoka kuchuna ngozi ya mbuzi, anachovya, anakunywa, anairudisha kata. Ptuu! Na sisi tulikuwa tukiyachemsha maji yale kwa kuni za shida, kisha tunayatia katika uchafu wa mikono!

Ndipo wazo likanijia. Kwa nini mtungi usiwe na mfereji chini, kama lile pipa la chai la hotelini? Mtu afungue, maji yatoke, mkono usiingie. Juu kifuniko cha bati kinachobana. Chini kigoda cha vyuma. Mimi ni fundi, nitashindwaje?

Basi nilianza kwa bati, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nikatengeneza tangi zuri, nikalilehemu vizuri, nikalifungia mfereji wa shaba. Maji yake yalikuwa moto saa sita mchana, ungeweza kusongea ugali! Baada ya muda yakawa na ladha ya kutu. Nikajaribu pipa dogo la mbao. Mbao zilikunywa maji, zikavimba, zikakauka, zikavuja, na maji yakanuka kama kisiki kilichooza. Nililitupa.

Awuor ndiye aliyesema kwa kucheka, "Unahangaika bure. Kitu cha kupoza maji Mungu alishakiumba. Ni udongo." Alisema kweli. Udongo unatoa jasho, na jasho ndilo linalopoza. Lakini udongo na shaba havipendani. Hapo ndipo kazi ilipokuwa.

Awuor alipeleka maneno yangu kwa mama yake, na mama yake akaleta maneno yake kwangu kwa mdomo wa Awuor. Mtungi wa kwanza tuliutoboa ukiwa umeshachomwa, ukapasuka. Wa pili mama aliutoboa udongo ukiwa mbichi, lakini ulipokauka tundu lilijikunja likawa dogo, mfereji ukakataa kuingia. Mama akafikiri. Akatengeneza mdomo mnene kuzunguka tundu, akatia kijiti cha mti, akawa anakizungusha kila asubuhi hadi mtungi ukauke. Mfereji uliingia kama kidole kwenye pete!

Bado palikuwa na kuvuja pale shaba inapogusana na udongo. Nilijaribu nta ya nyuki, jua likaiyeyusha. Nilijaribu lami, maji yakanuka kama barabara mpya. Nilijaribu ngozi, ikaoza. Mwisho nilikata vipande vya mviringo kutoka tyubu kuukuu ya gurudumu, kimoja ndani, kimoja nje, nikakaza nati. Hapakutoka hata tone! Nilimwinua Achieng' juu, nikamzungusha, akafumba macho yake yale akicheka.

Mama mkwe alituma masharti yake. Udongo utoke kwenye bwawa lake na si penginepo. Uchanganywe na vigae vilivyosagwa. Mitungi ikauke kivulini taratibu, isianikwe juani. Na asiharakishwe na mtu. Nilikubali yote, na kwa muda mrefu mambo yalikwenda sawa. Achieng' alikunywa maji ya mtungi ule, akanenepa, akaanza kutembea. Ndugu zangu wakanyamaza. Ninyi mnaojua maana ya ndugu kunyamaza mtanielewa.

Watu waliokuja kwangu waliuona mtungi, wakautaka. Shule moja ya misheni ikaagiza. Duka moja la Isebania likaagiza. Hata mtu wa Kegonga alifika akitaka wa kuwekea maziwa, nikamwambia hapana, huu ni wa maji. Nilikuwa na kiburi kidogo, sikatai. Ule mtungi wetu wa kwanza usiovuja nikaupeleka kwa chifu, uwekwe barazani watu wauone.

Sasa Awuor hakuweza kwenda na kurudi Homa Bay akiwa na mtoto anayetembea. Ndipo akaingia kaka yake, Okech.

Ngoja kwanza nieleze jambo, maana si wasomaji wote ni Wajaluo. Kwetu mama mkwe anaitwa *maro*, na maro si mtu wa kuzoeana naye. Mume hamtazami usoni. Hali chakula mbele yake. Haingii nyumbani mwake wala hazungukizunguki katika boma lake akichunguza vitu. Mkikutana njiani mmoja anapinda kwenye vichaka. Ukikosea, utasikia watu wakitaja chira, yaani laana inayokula nyumba ya mtu. Mimi sikuwahi kuliona hata shimo anamochomea mitungi. Vitu tulivyotengeneza pamoja vilikuwa vizuri, lakini sikuujua uso wa mwenzangu wa kazi. Niliijua sauti yake tu, nayo kwa mbali.

Kwa hiyo kila neno langu lilipita kwa Okech, na kila neno la maro lilipita kwa Okech. Ah! Ningekuwa nimempa fisi anibebee nyama, angalau ningejua anayebeba ni fisi.

Okech alikuwa kijana mtanashati, suruali imenyooka, mwenye maneno matamu. Alinikuta kazini siku ya kwanza akaniambia, "Shemeji, wewe na mama mna heshima sana. Niachieni mimi miguu na mdomo." Nilifurahi! Nilimnunulia hata chai.

Mitungi ya kwanza aliyoleta ilikuwa sawa. Iliyofuata ilikuwa na kitu kipya. Iling'aa ndani na nje, kahawia inayopendeza, ukiitazama unaona kivuli cha uso wako. Nilitia mkono ndani kukaza nati, ukatoka na utelezi. Nikanusa. Ilinuka moshi, na majani makali kama ya mrehani, na chini yake kitu kingine nisichoweza kukitaja... Nikapiga chafya.

Nikamuuliza Okech, hii ni nini? Akacheka, akasogea karibu, akashusha sauti. "Hiyo ni dawa ya mama. Mizizi na majani. Ni siri ya wafinyanzi wanawake. Mtungi hautoi tena jasho jingi, hauloweshi sakafu ya shule." Nikasema ningependa kujua mizizi gani. Uso wake ukabadilika, akawa kama mtu aliyeona jambo la aibu. "Omera, ndugu yangu! Unataka kumuuliza maro wako siri zake za kike? Mkwe haulizi."

Mkwe haulizi! Wasomaji, maneno mawili tu. Nikanyamaza. Mimi niliyejaribu bati, na mbao, na nta, na lami, na ngozi, niliyekuwa nikilamba maji ya kila jaribio kwa ulimi wangu mwenyewe, nilinyamaza kwa sababu niliambiwa kuuliza ni utovu wa adabu. Kazi yangu yote iliishia pale.

Mitungi ile iliuzika kama njugu. Watu walipenda kung'aa kwake. Na mimi, kwa kuwa ule wa kwanza ulikuwa kwa chifu, nilichagua uliong'aa kuliko yote nikaupeleka nyumbani kwa mke wangu na mtoto wangu.

Hapa mkono wangu unakuwa mzito.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha joto likaja, lile joto la kabla ya mvua. Awuor akasema maji yana utando juu, kama supu iliyolala. Nikamwambia ni ile dawa ya mama yako, itakwisha ukiusuuza. Akasuuza. Utando ukarudi. Akasema yananuka. Nikamjibu kwa hasira kwamba anamdharau mama yake mwenyewe. Akanyamaza naye. Nyumba yetu ilijaa watu wanaonyamaza kwa heshima!

Achieng' akaanza kuhara.

Mnisamehe, nitasema upesi. Alihara, akatapika, macho yakaingia ndani. Na sisi tulikuwa tumefundishwa kwamba mtoto anayehara anyweshwe maji. Basi tulimnywesha! Awuor alikuwa akiyachemsha maji yale vizuri kabisa, yakipoa anayamimina kwenye mtungi, na mimi nafungua mfereji wangu wa shaba, ninajaza kikombe, ninamshika kichwa. Kunywa, mama. Kunywa kidogo tena. Alikuwa akigeuza uso. Mtoto hajui kusema, lakini pua anayo! Alikuwa akikataa uchafu ule, na mimi baba yake nilimbana taya nikamnywesha.

Tulimpeleka hospitali tumechelewa. Daktari akauliza mnakunywa maji gani. Nilijibu kwa majivuno, hata katika hali ile, kwamba kwangu maji yanachemshwa na yako kwenye mtungi wa mfereji, na mtungi wenyewe ni wa kutengenezwa na mimi. Akanitazama kama mtu anayesikiliza mlevi. Achieng' alikata roho mikononi mwa Awuor kabla jua halijazama.

Awuor hakupiga kelele. Alikaa tu na mtoto mapajani, akimfunga vizuri nguo kana kwamba wanatoka kwenda sokoni. Kelele zilitoka kwa watu wengine.

Mama mkwe alikuja mazishini. Alikaa nyuma kabisa, upande wa wanawake, amejifunika. Nilisikia anavyolia. Sikumtazama, na yeye hakunitazama, kama inavyotakiwa. Okech alikuwapo pia. Alibeba udongo, alifukia kaburi, alijipangusa jasho kwa kitambaa cheupe. Alinishika bega akaniambia Mungu ametoa, Mungu ametwaa. Nikimkumbuka mkono ule begani mwangu, ngozi yangu inasisimka kwa kinyaa hadi leo.

Matanga hayajaisha, akaja mtu kutoka ile shule ya misheni. Mwalimu mkuu anasema njoo uchukue mitungi yako. Inanuka. Watoto wanatapika darasani, na wawili wamelazwa. Nilimsikiliza hadi mwisho.

Niliingia ndani nikautoa ule mtungi wetu uani. Nikaumwaga. Nikachukua nyundo.

Ulipopasuka... Wasomaji, nilishawaambia msiwe mnakula. Ndani, chini ya ule mng'ao, udongo ulikuwa na nyufa nyembamba zilizojaa kitu cha manjano kama usaha uliokauka. Kilikuwa mafuta. Mafuta yaliyooza, yamelainika kwa joto, na ndani yake mmelala nywele. Nywele fupi, nyekundu, za ng'ombe. Na kando ya tundu la mfereji, pale nilipokuwa nikikinga kikombe cha mwanangu, palikuwa na funza.

Nilitapika hadi nikabaki natapika upepo. Awuor alisimama mlangoni akiangalia vipande vile, kisha akaniangalia mimi. 

Sikumngoja mtu. Nilipanda basi la Homa Bay nikiwa na kigae kimoja nimekifunga kwenye kitambaa. Njia nzima nilikuwa na jina moja tu kichwani, na halikuwa la Okech. Nilikuwa nikimfikiria yule mwanamke. Mfinyanzi mkubwa! Siri za kike! Mtu anayeweza kupaka uchafu huu mahali atakaponyweshwa mjukuu wake, ni mtu gani huyo?

Niliingia bomani mwake bila kupiga hodi. Wanawake waliokuwa uwanjani walipiga uwi! Mkwe anaingia namna ile! Nikapita hadi nyuma ya nyumba, mahali ambapo mguu wangu haukupaswa kufika kamwe. Harufu ilinipokea kabla sijaona kitu. Palikuwa na pipa juu ya mafiga, limefunikwa kwa nzi kama blanketi. Ndani mafuta yameganda, na majani ya mrehani yamenasa juu kama pambo. Chini palikuwa na kwato, na mfupa ambao mbwa alikuwa akiuguguna.

La kuvunda halina ubani, wahenga walisema. Lakini Okech alikuwa amejaribu.

Maro alikuwa ameketi kando ya mitungi mibichi, mikono ina udongo hadi viwikoni. Aliponiona alijifunika uso kwa shuka haraka. Mimi sikupinda njia. Nilisimama juu yake, nikamtupia kile kigae mapajani, na nikamtukana.

Nilimwita mchawi. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti ya juu, kwamba amemuua mjukuu wake na kuja kulia kwenye kaburi lake. Kwetu hakuna neno baya la kumwambia mtu kuliko lile, sembuse kumwambia mama aliyekuzalia mke.

Akakishika kile kigae. Akakitazama. Halafu polepole alilishusha lile shuka, na kwa mara ya kwanza tangu nioe nikauona uso wake. Wasomaji, ulikuwa uso wa Awuor. Ulikuwa umezeeka tu.

"Mwanangu," akasema, "haya mafuta si wewe uliyeyaagiza?"

Sikuelewa. Akaendelea. Alisema Okech alimwambia mkwe ameelekezwa na Wazungu kwamba mitungi ya siku hizi hupakwa mafuta, ndiyo inayouzika. Alisema Okech alimwambia mkwe hataki tena kusubiri mitungi ikauke kivulini, ianikwe juani, iharakishwe, na hizo nyufa zitazibwa na mafuta. "Nilimwambia mtungi haupakwi mafuta. Nilimwambia yananuka. Nilitapika hapa, hapa nilipokaa. Akaniambia, mama, unataka kubishana na mkwe wako? Nikasema basi, ni kazi yake, amelipa mahari, nani mimi nimuulize?"

Nilikaa chini. 

Kumbe maro naye alikuwa ameambiwa hivyohivyo! Yeye alitapika huko na mimi nikapiga chafya huku. Yeye hakuuliza kwa kuniheshimu, na mimi sikuuliza kwa kumheshimu. Na katikati yetu alikuwa amesimama mtu mmoja aliyejua kabisa kwamba sisi wawili hatutazungumza hadi tufe.

Okech alitokea akiwa anasukuma baiskeli, anapiga mluzi. Alituona tumekaa pamoja, mimi na mama yake, mluzi ukamkatikia mdomoni. Wazee waliokuwa wamefika kwa zile kelele walimzuia asiondoke. Akaulizwa mafuta ametoa wapi.

Mnajua alitoa wapi? Msimu ule ugonjwa uliingia kwenye ng'ombe, na daktari wa mifugo akaamuru mizoga izikwe katika shimo moja. Okech alikuwa miongoni mwa walioajiriwa kuchimba shimo lile. Baada ya wenzake kwenda zao alirudi akafukua. Alifukua mizoga iliyozikwa, akakwangua mafuta yake, akayachemsha na majani ya kunukia, akayaleta hapo nyumbani kwa mama yake! Ng'ombe waliooza! Na watoto wa shule wakanywa, na mwanangu akanywa, na huenda wewe msomaji wa Isebania ulikunywa pia.

Nilimuuliza kwa nini. Nilitarajia alie, au akane. Alipangusa viatu vyake kwa jani, akajibu kwa utulivu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

"Mama hafanyi haraka. Wewe unataka mitungi. Ikivuja ninaiziba. Nyinyi mlikuwa mnaheshimiana, mimi nilikuwa nafanya kazi."

Nilimrukia, wazee wakanishika. Lakini hata kama wasingenishika, sidhani ningempiga. Nilipomkaribia nilisikia ile harufu kwenye nguo zake nzuri, nikainama nikatapika palepale miguuni pake. Hata kumpiga nilishindwa kwa kichefuchefu!

Maro hakumtukana mwanawe. Aliinuka, akachukua mchi wake wa kupondea vigae, akaanza kuvunja mitungi. Iliyokauka, mibichi, iliyopakwa, isiyopakwa. Alivunja yote. Hakuna aliyethubutu kumshika. Tangu siku ile hajafinyanga tena, hata kikombe.

Wazee walikaa. Okech alihukumiwa atoe ng'ombe wa kusafisha boma, na kabla ng'ombe hajaonekana alitoroka. Mimi nilihukumiwa pia, kwa kuingia nilikokatazwa na kwa neno nililosema. Nilitoa nilichotakiwa kutoa, nikaomba msamaha mbele ya watu, na maro akasema amenisamehe. Ninaamini alinisamehe kweli. Ni mwanamke wa namna hiyo.

Lakini Awuor hakuwapo kwenye kikao kile, na habari za bomani hufika mbali upesi kuliko basi. Niliporudi Migori nilimkuta amefunga vitu vyake. Alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, lile nililomtengenezea tulipooana.

Nilianza kumweleza ya Okech. Alisema anajua. Nikamwambia si mimi, si mama, ni yule mnyama. Akasema anajua hilo pia.

"Mtu mwongo alikuambia uongo, ukamwamini kwa kuwa ni mwanamume mwenzako na amevaa vizuri," akasema. "Mimi nilikuambia maji yananuka. Ukanigombeza. Kisha ukatafuta wa kulaumu, ukampata mama yangu. Mdomo uliomwita mama yangu mchawi siwezi kulala nao, Owino."

Hakuniita Baba Achieng'. Na angeniitaje?

Alikwenda. Nimetuma watu mara nyingi kumbembeleza, wamerudi na jibu lilelile. Ndugu zangu wameshaanza tena manong'ono yao ya kutafuta mwingine. Safari hii niliwafukuza kwa nyundo mkononi.

Na Okech? Nasikia yuko mpakani, anavuka huku na kule. Mteja wangu mmoja amemwona sokoni amevaa shati jeupe, anauza mitungi. Inang'aa, akasema. Watu wanaigombania.

Ninyi mnaotengeneza vitu kwa mikono, na ninyi mnaonunua, nisikilizeni. Kitu kitakachoingia kinywani mwa mtu, usiagize kwa mdomo wa mtu. Nenda mwenyewe ukaone kinatoka kwenye udongo gani na kinapakwa nini. Tia pua yako ndani. Mkeo akikuambia kinanuka, mwamini, maana yeye ndiye anayekaa nacho. Na ukiambiwa kwamba kwa heshima hupaswi kuuliza, uliza palepale, mbele ya watu, kwa sauti.

Watasema huna adabu. Waache waseme. Afadhali wakutukane mchana kutwa, mtoto wako akiwa hai mapajani pako anawasikiliza.